Mninga, mkongo au mkangazi: gharama haiko kwenye mche

Mwaka wa pili tangu nipande mininga shambani kwangu, nje kidogo ya Songea, niling'oa mmoja mwezi wa nane nikidhani umekufa. Juu kilibaki kijiti kikavu. Chini ukatoka mzizi mnene kama karoti, na pale jembe lilipokata pakavuja utomvu mwekundu kama damu. Mti ulikuwa mzima. Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza anunue mche gani, namwanzia hapo.

Ndivyo mninga ulivyo. Kiangazi kikikolea, chipukizi hukauka hadi chini. Mvua zikirudi huchipua upya. Huweza kwenda hivyo miaka kadhaa, hata kufika kumi, mzizi ukijijenga kwanza, ndipo shina lipande juu. Kwa hiyo mche wa mninga wa kwenye kiriba mimi sishauri kuununua. Mbegu zenyewe ni shida: zimo ndani ya ganda la duara lenye miiba kama nungunungu, kulipasua ni kazi ya kisu na subira, na zinazoota ni chache.

Mninga wa bei rahisi ni ule ulioko tayari shambani. Mashamba yetu mengi yalifyekwa kwenye miombo, na visiki vya mninga bado vinachipua. Chagua chipukizi moja lenye afya, kata mengine, chomeka kigingi pembeni ili mwenye jembe alione. Kule Dodoma watu wameirudisha miti mingi kwa njia hiyo hiyo, wanaiita Kisiki Hai.

Mkongo ndio unaostahili pesa yako. Mbegu yake nyeusi yenye kofia nyekundu huota vizuri ikilowekwa usiku mmoja. Ukifika kitaluni usivutwe na mche mrefu. Inua kiriba: kama mzizi umeshatoboa na kuzama ardhini, utakatika ukiung'oa, na huo uache. Chukua mfupi ambao kiriba chake kimekuwa kikisogezwa. Panda Desemba, ardhi ikishalowa vizuri.

Mkangazi hukua haraka kuliko hiyo miwili, ila unataka bonde lenye unyevu, na ukiwa mchanga kuna kiwavi anayetoboa ncha yake, shina likagawanyika. Uchanganye na miti mingine, usiupande peke yake shamba zima. Mpingo uachie wajukuu.

Sasa hesabu. Ekari ni hatua 70 kwa 70. Kwa nafasi ya mita 5 kwa 5 unahitaji miche kama 160. Tuseme mmoja ni sh 1,000, jumla sh 160,000, unalipa mara moja. Lakini kuizunguka ekari hiyo ni hatua 280 za barabara ya moto, ya kusafishwa hadi udongo uonekane kila mwezi wa sita, kabla watu hawajaanza kuchoma mashamba na wawinda panya hawajawasha nyasi. Vibarua wawili kwa siku tatu, kila mmoja sh 8,000 kwa siku, ni sh 48,000. Kwa miaka kumi ni sh 480,000, mara tatu ya miche. Weka bei za kwenu, huenda bado gharama ya barabara ya moto ikazidi. Anayesema amepanda miti huku hana barabara ya moto, mimi namhesabia hajapanda. Miaka ya mwanzo panda karanga au maharage katikati, ili palizi moja ihudumie vyote.

Kama unatafuta ada ya mtoto anayeanza darasa la kwanza, panda paina, kama inavyopandwa Wino kule Madaba, mninga hautakulipia. Mbao ya mninga haipindi na inapokea randa vizuri, ya mkongo ni ngumu na huvumilia mchwa, lakini zote mbili ni za atakayekurithi. Naye atahitaji kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kwa hiyo mapema andikisha idadi ya miti na mwaka wa kupanda kwenye ofisi ya kijiji, na nakala moja ibaki nyumbani.

Mwezi wa nane ukifika, kijiti kikavu usikiguse. Kwaruza udongo kidogo shingoni pake, kata gamba kwa ukucha, uangalie kama pana wekundu.