Kabla ya Kununua Mashine ya Picha, Hesabu Wino

Siku hizi karibu kila mtaa una mtu mwenye simu inayopiga picha safi. Komunyo ya kwanza, harusi, mahafali ya chekechea, hata kuku wa mradi wanapigwa picha. Lakini picha hizo hukaa ndani ya simu, na simu ikiibwa au ikianguka kwenye maji, zote zimekwenda. Ndiyo sababu vikundi kadhaa vya akina mama na vijana vimetuuliza: tukitoa pesa kwenye akiba ya kikundi tununue printa ya picha, itatulipa? Wengine ni wazazi wanaotaka tu moja ya nyumbani.

Inaweza kulipa. Shida ni kwamba wengi wakiingia dukani huuliza, "Printa hii ni pesa ngapi?" Swali la kuuliza kwanza ni, "Picha moja itatoka kwa shilingi ngapi?" Watengenezaji wengi huuza printa ndogo kwa bei ya chini, halafu faida yao wanaitafuta kwenye wino. Mashine unanunua mara moja, wino utanunua kila mwezi.

Hebu tupige hesabu. Nambari hizi ni za mfano tu; wewe weka zile za duka lako. Tuseme mashine ya katriji ni sh. 8,000, na katriji zake mbili, ya nyeusi na ya rangi, ni sh. 4,000 zikitoa picha 40 za ukubwa wa posikadi. Wino peke yake ni sh. 100 kwa kila picha. Mashine ya pili ni ya tangi, ile unayoijaza wino kwa chupa. Hiyo ni sh. 40,000, na chupa zake zote ni sh. 9,000 zikitoa picha 900. Wino hapo ni sh. 10 kwa picha. Karatasi tuseme ni sh. 15 kwa zote mbili. Basi picha ya mashine ya kwanza ni sh. 115, na ya pili ni sh. 25.

Mashine ya tangi imezidi kwa sh. 32,000, lakini kila picha inakuokolea sh. 90. Ukifika picha 356 umeshairudisha ile tofauti. Kikundi kinachochapa picha 60 kwa mwezi kitafika hapo mwezi wa sita. Nyumba inayochapa picha tano kwa mwezi itangoja karibu miaka sita, na kabla ya hapo wino utakuwa umekaukia ndani. Na kama studio ya mjini inakuchapia picha hiyo kwa sh. 50, ile mashine ya bei rahisi inakupa hasara kila ikilia.

Tahadhari moja juu ya hesabu hii. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la wino kwa kawaida imepimwa kwa kurasa za ofisi, zenye maandishi na nafasi nyeupe nyingi. Picha inafunika karatasi yote, kwa hivyo wino unaotosha mamia ya barua hautatosha picha mia. Muulize mtu aliye na mashine kama hiyo amepata picha ngapi kwa wino mmoja. Mwenye duka hatakuambia.

Mashine gani?

Printa ya leza tuiweke kando mara moja. Ni nzuri kwa mitihani na kumbukumbu za mikutano, lakini kwa picha za watu haifai. Tena ukiiwekea karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa mashine za wino, ule utando wa plastiki unaweza kuyeyuka kwa moto ulio ndani na kuharibu mashine.

Kuna mashine ndogo kama Canon SELPHY, ambayo haitumii wino wa maji. Ina utepe wa rangi unaopashwa moto, na karatasi huingia na kutoka mara nne: manjano, majenta, samawati, na mwisho utando wa kukinga picha. Karatasi na utepe huuzwa pamoja, kwa mfano pakiti ya picha 108. Ukigawanya bei ya pakiti kwa 108 umejua gharama yako, hakuna kubahatisha. Tunaipenda kwa mtu anayechapa kidogo kidogo, kwa sababu hakuna cha kukauka hata ikikaa miezi mitatu kabatini. Upungufu wake ni kwamba haitoi picha kubwa ya ukutani, wala huwezi kuichapia barua.

Zilizobaki ni mashine za wino. Nyingi za nyumbani zina rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Zile za picha hasa, kama Epson L805 na L8050, zina sita, yaani zimeongezewa samawati nyepesi na majenta nyepesi ili ngozi ya mtu itoke laini bila vidoadoa. Tangi la L805 hujazwa kwa chupa za mililita 70, wakati katriji ndogo huwa na mililita chache tu. Pesa zako zinaendea hapo.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa maua na vipepeo. Hizo hutoka vizuri kwa mashine yoyote. Beba picha ya watu wenu, ikiwezekana bibi arusi mwenye gauni jeupe akiwa na mzee aliyevaa suti nyeusi, na uombe ichapwe. Angalia kama uso wa mzee una umbo, au umekuwa doa jeusi lenye meno. Hili si jambo dogo. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa haitoki sawasawa. Mashine nyingi za rangi nne bado hupata shida kwenye weusi mzito, hasa zile ambazo wino wake mweusi ni wa maandishi tu, kwa hivyo kwenye karatasi inayong'aa weusi hutengenezwa kwa kuchanganya zile rangi tatu. Kuongeza mwanga wa picha kidogo kabla ya kuchapa husaidia.

Wino wenyewe

Wino ni wa namna mbili. Wa kwanza rangi yake imeyeyuka majini kama sukari kwenye chai. Unang'aa vizuri na ni wa bei nafuu, lakini jua na hewa huula. Wa pili una chembechembe ndogo sana za rangi ambazo hazikuyeyuka, zinakaa juu ya karatasi kama chokaa ukutani. Huu hudumu zaidi na hauogopi maji sana, ingawa bei yake iko juu. Mashine nyingi za tangi tulizo nazo nyumbani zinatumia ule wa kwanza kwa rangi.

Tunasema haya kwa sababu ya picha moja ambayo karibu kila boma linayo, ile ya marehemu inayotundikwa sebuleni. Mara nyingi hiyo ndiyo picha pekee ya nyanya au babu. Ikichapwa kwa wino wa kubahatisha na kuwekwa mkabala na dirisha, samawati inaweza kutangulia kuondoka, uso ukabaki mwekundu, halafu ukafifia. Watoto wa watoto wake hawatamwona. Picha ya namna hiyo ilipie wino na karatasi ya kampuni yenyewe, au uipeleke studio inayotumia karatasi halisi ya picha inayosafishwa kwa dawa. Iweke kwenye fremu ya kioo, ukuta usiopigwa na jua, na uihifadhi ile ya simu mahali pengine pia.

Je, wino wa bei nafuu wa chupa zisizo na jina? Kwa barua na ratiba za misa, sawa, wengi wanautumia. Kwa picha ya kuuza, hapana, maana hujui utadumu muda gani, na mteja atarudi kwako. Usichanganye namna mbili za wino katika tangi moja hata kama rangi ni ile ile. Unaweza kuganda na kuziba matundu.

Karatasi

Soma uzito. Karatasi ya picha yafaa iwe kati ya gramu 180 na 260. Ya kawaida ya ofisi ni 80. Lakini uzito peke yake unaweza kudanganya. Chana kipande. Ukiona utando mwembamba wa plastiki unavutika kwenye mchano, hiyo ni karatasi nzuri ya picha, itastahimili mikono na unyevu. Ikichanika kama kadibodi tupu, ni karatasi iliyopakwa mng'ao juu tu: inafaa kwa programu ya mazishi au cheti cha shule ya Jumapili, haifai kwa albamu. Kama hujui upande wa kuchapa, lowesha kidole kidogo na uguse pembeni. Upande unaonata ndio wenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo watu husahau kila siku: kuiambia kompyuta ni karatasi gani umeweka. Ukiacha imeandikwa karatasi ya kawaida, hata wino mzuri utatoa picha iliyopauka au yenye michirizi, nawe utalaumu mashine bure.

Picha iliyotumwa kwa WhatsApp huwa imepunguzwa. Kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 unahitaji nukta kama 1,200 kwa 1,800. Kwa A4, kama 2,480 kwa 3,508. Mwambie mteja aitume kama dokumenti, sio kama picha. Karatasi moja ya 10 kwa 15 huingia picha nane ndogo za milimita 35 kwa 45, na kwa vikundi vingi hapo ndipo pesa ilipo, kwa vile shule na ofisi huziomba kila mara.

Kuitunza hakuna mengi. Chapa angalau picha moja ya rangi kila wiki. Izime kwa kitufe chake, usichomoe waya ukutani, kwa sababu ikizimwa vizuri hufunika matundu ya wino yasikauke. Stima ikipotea katikati ya kazi, iwashe tena ikirudi kisha uizime vizuri. Kuisafisha kwa kompyuta mara kwa mara hunywa wino mwingi, na wino huo huishia kwenye sponji ya chini ambayo siku moja itajaa. Ifunike na vumbi. Karatasi iliyobaki irudishe kwenye mfuko wake, hasa kwa ninyi wa Pwani na kando ya ziwa.

Na kabla kikundi hakijaanza kuwaahidi wateja kwamba picha zenu hudumu, chapeni moja na kuikata katikati. Nusu moja ibandikeni kwenye dirisha linalopata jua, nusu nyingine ifungieni ndani ya kitabu. Baada ya miezi mitatu ziwekeni pamoja mezani, mweka hazina akiwepo.