Papa Wanaopumzika Juu ya Mkondo

Mchana wa kiangazi huko Kishapu, mkoani Shinyanga, upepo ukivuma juu ya tambarare, tumbusi anaweza kuelea muda mrefu juu ya kilima cha mawe bila kupiga bawa hata mara moja. Kinachomwezesha ni hewa yenyewe. Upepo ukigonga ubavu wa kilima hukosa njia ya kwenda mbele, ukapanda. Ndege akijipanga ndani ya hewa hiyo, anashuka polepole huku hewa ikipanda kwa kasi ileile, na matokeo yake anabaki palepale. Kazi iliyopaswa kufanywa na misuli yake inafanywa na upepo.

Katikati ya Bahari ya Pasifiki, wanasayansi wamethibitisha kwamba papa wanatumia kanuni hiyohiyo chini ya maji. Ugunduzi huo unaeleza namna mamia ya wanyama wawindaji wanavyoweza kuishi pamoja katika eneo dogo. Unatuhusu pia sisi Waafrika Mashariki, kwa sababu bahari yetu ina mikondo ya namna hiyo ila papa wake wanazidi kupungua.

Mlango wa Tumakohua

Fakarava ni atoli katika Polynesia ya Ufaransa. Atoli ni pete ya miamba ya matumbawe iliyozunguka ziwa la maji chumvi. Charles Darwin alieleza mwaka 1842 jinsi pete hizo zinavyozaliwa: volkano inazama taratibu, na matumbawe yaliyoota kandokando yake yanaendelea kujijenga kuelekea juu kwenye mwanga, hadi mlima unapotoweka kabisa na pete kubaki peke yake. Pete hiyo ina milango michache, na maji yote yanayoingia na kutoka katika ziwa hulazimika kubanana humo. Ndiyo maana mikondo ya milangoni huwa na nguvu kubwa.

Katika mlango wa kusini wa Fakarava, unaoitwa Tumakohua, wanaishi papa wa kijivu wa miamba wapatao 700. Wazamiaji huingia majini upande wa bahari kuu wakati maji yanajaa, kisha huacha mkondo uwachukue kuelekea ndani. Hakuna haja ya kupiga miguu kwa nguvu. Mzamiaji hujiweka mlalo, hutunza hewa ya mtungi wake, na mwamba hupita chini yake huku mashua ikimfuata juu. Wakati wa maji kujaa huchaguliwa kwa sababu mbili: maji ya bahari kuu ni maangavu kuliko yale ya ziwani, na mkondo humpeleka mtu mahali tulivu. Maji yakipwa, mkondo huohuo ungemtupa baharini.

Anapopita humo, mzamiaji huwaona papa wamejipanga kama ukuta, vichwa vyote vikielekea mkondo unakotoka, wakiwa karibu hawasogei. Papa hawa si wa kuchezewa. Tangu mwaka 1973 watafiti wameeleza jinsi papa wa kijivu anayehisi amebanwa anavyotoa onyo: hupinda mgongo, hushusha mapezi ya ubavuni na kuogelea kwa kujinyonganyonga. Mzamiaji mwenye busara huiheshimu ishara hiyo na kumwachia nafasi.

Samaki asiyeweza kusimama

Ili kuelewa kwa nini wanajipanga hivyo, tuanze na mwili wa papa. Samaki wengi wenye mifupa wana kifuko cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea. Papa hana. Badala yake ana ini kubwa lenye mafuta mepesi, yaleyale ambayo watu wa pwani huyaita sifa na ambayo mafundi wa majahazi wameyapaka kwenye mbao kwa karne nyingi. Mafuta hayo hupunguza uzito wa papa majini, lakini hayaumalizi. Akiacha kuogelea, anazama.

Zaidi ya hapo, papa wa kijivu ni miongoni mwa papa ambao lazima waende mbele ili maji yapite mdomoni na kutoka kwenye matamvua. Kwake kusimama ni kukosa pumzi. Mnyama huyu anatumia nguvu mchana na usiku, hata saa ambazo hawindi chochote.

Mwaka 2021, timu iliyoongozwa na Yannis Papastamatiou wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida, Johann Mourier akiwa mmoja wao, ilichapisha matokeo ya kuwafuatilia papa wa Tumakohua. Walitumia vifaa vinavyotoa sauti ili kujua kila papa yuko wapi, kamera zilizofungwa kwenye miili ya papa wenyewe, na vipimo vya sakafu ya mlango na mwendo wa maji. Walipolinganisha mahali papa wanapokaa na mahali maji yanapogonga mteremko na kupanda, ramani hizo mbili zilishabihiana. Papa walikusanyika pale ambapo maji yanawainua, na kwa kufanya hivyo walipunguza matumizi ya nguvu kwa angalau asilimia 10 hadi 15.

Kamera zilionyesha pia utaratibu wa kupokezana. Papa anayeelea juu ya mteremko husonga kidogokidogo hadi afike mwisho wa eneo lenye maji yanayopanda. Hapo hurudi mwanzo wa foleni, na mwingine huchukua nafasi yake. Mkondo unapobadilika kati ya maji kujaa na maji kupwa, papa nao hubadili kina.

Hesabu ya chakula

Asilimia 10 hadi 15 inaweza kuonekana ndogo. Tuiweke basi kwenye mizani ya chakula. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 na timu ya Mourier ulikadiria kwamba papa wote wa Tumakohua wanahitaji takriban tani 90 za samaki kwa mwaka, ilhali samaki wanaozalishwa ndani ya mlango huo hawazidi tani 17 hivi. Shuleni tunafundishwa kwamba wanaoliwa lazima wawe wengi kuliko wanaokula. Hapa mambo yalionekana kupinduka.

Jibu lilipatikana kwa kutazama mwaka mzima. Samaki wa aina mbalimbali huja mlangoni kutaga mayai kwa misimu yao. Mashuhuri kati yao ni chewa, wanaokusanyika kwa maelfu katika miezi ya baridi ya huko, mwezi unapokuwa mpevu. Wageni hao hujaza pengo la chakula. Kwa hiyo papa wanasimama juu ya nguzo tatu: mkondo unaowapunguzia kazi, samaki wanaokuja kuzaliana bila kusumbuliwa, na sheria. Polynesia ya Ufaransa ilipiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2006, na mwaka 2012 marufuku hiyo ikawajumuisha papa wa aina zote. Nguzo moja ikianguka, ukuta ule wa papa utabomoka.

Milango yetu

Mikondo si mali ya Pasifiki peke yake. Polynesia ya Ufaransa maji hupanda na kushuka kwa chini ya mita 1. Pwani ya Tanzania, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hufikia mita 3 hadi 4. Katika Kisiwa cha Mafia, Ghuba ya Chole hujaa na kumwagika kupitia mlango wa Kinasi, na wazamiaji huko hutegemea jedwali la maji kama wenzao wa Fakarava. Hutazama chewa wakubwa, taa na kasa. Ukuta wa papa hawauoni.

Mafia ina utajiri wake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 822. Karibu na Kilindoni, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja juu kula vijidudu vya baharini kuanzia Oktoba hadi karibu Machi. Mwaka 2015 watafiti walionyesha, kwa vifaa vya sauti, kwamba wengi wao hawaondoki hata msimu huo ukiisha. Huhamia tu maji ya kina zaidi wasikoonekana.

Papa wa miamba hawana bahati hiyo. Papa wa kijivu huzaa mtoto 1 hadi 6 baada ya kubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, naye huchukua miaka mingi kufikia umri wa kuzaa. Mnyama wa namna hiyo hahimili wavu wa jarife unaotegwa kila usiku. Mwaka 2020, utafiti mkubwa uliotumia kamera zenye chambo katika miamba 371 ya nchi 58 ulikuta kwamba karibu mwamba 1 kati ya kila 5 haukuwa na papa kabisa. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 ambazo kwa pamoja, katika saa zaidi ya 800 za kurekodi, zilionyesha papa 3 tu. Polynesia ya Ufaransa ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri. Papa wa kijivu sasa yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka 2022 mataifa ya mkataba wa CITES yalikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya jamii yake nzima.

Somo ambalo Shinyanga inalijua

Msomaji wa Kishapu anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Jibu lipo kwenye ardhi anayoikanyaga. Misitu ya Shinyanga ilikatwa kwa miongo mingi kwa ajili ya pamba, mifugo na kampeni za kutokomeza mbung'o, hadi mkoa ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulianza, na uliposhirikiana na wanakijiji ulirudi kwenye jambo ambalo Wasukuma walilijua zamani: ngitili. Eneo la malisho hufungwa mvua zinapoanza, hufunguliwa kiangazi kinapokolea, na anayevunja utaratibu huwajibishwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Ndani ya miaka chini ya 20, zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilirejea.

Bahari inahitaji utaratibu huohuo. Mahali chewa wanapotaga pafungwe kwa msimu wao, na jarife lisitegwe katika milango ya miamba. Wavuvi wa vijiji vya pwani nao washirikishwe kuweka masharti na kuyasimamia, kama wazee wa Usukumani walivyofanya, kwa maana amri inayotoka mbali bila wao haitadumu. Mkondo tunao tayari, bila kuulipia. Kinachokosekana ni kuwaachia papa muda wa kuzaliana, na uamuzi huo uko mikononi mwetu. Tuufanye sasa, wakati bado wapo wa kuanzia.