Msiba wa Ghafla na Ndimi Zetu



Jumapili alisimama nasi kwenye kwaya, akaimba besi kama kawaida yake. Jumatano asubuhi alianguka akifungua duka lake. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshafariki. Alikuwa na miaka 41.

Turubai la msiba lilikuwa halijamaliza kufungwa, minong'ono ikaanza. Wengine walisema amerogwa. Wengine walimtazama mkewe na kuulizana nani alimpikia chai asubuhi ile. Na sisi wa kanisani tulikuwemo. Mimi mwenyewe niliyasikia maneno hayo, nikanyamaza.

Ndugu walitaka azikwe haraka. Mama yake mzazi akakataa. "Mwanangu apimwe," alisema. "Sitaki kumzika pamoja na uongo."

Uchunguzi wa maiti ulikuta uvimbe kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo. Ulikuwa umepasuka, damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo mpaka moyo ukashindwa kupiga. Majibu ya maabara, yaliyokuja baada ya mazishi, yalionesha ni angiosarkoma, saratani inayoanzia kwenye kuta za mishipa ya damu. Saratani inayoanzia moyoni ni adimu sana. Wapo ambao hugundulika nayo baada ya kufa tu, kwa sababu dalili zake, kama uchovu na kukosa pumzi, hufanana na za magonjwa mengi.

Mjane aliposomewa majibu alilia upya. "Mama, alikuwa akihema akipanda ngazi, nami nikamwambia ni unene."

Mkwewe akamkumbatia. "Hukujua, mwanangu. Hakuna aliyejua."

Katika Luka sura ya 13, watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa. Yesu alikataa wasikilizaji wake wadhani kwamba marehemu wale walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Aliwageukia wao waliobaki hai, akawataka watubu. Sisi hufanya kinyume: kifo kikija ghafla, tunamtafuta mwenye hatia, na mara nyingi tunamwona kwa mjane.

Nilikwenda kumwomba radhi yule dada kwa ukimya wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniletea chai. Nikainywa.

Mpendwa, kama kuna mfiwa uliyemsema vibaya, au uliyeacha asemwe, usingoje Jumapili ijayo. Nenda leo.