Unataka Kusomea Upimaji wa Macho? Anza na Masomo, Kisha Karo

Mtoto asiyeona ubao vizuri huweza kudhaniwa kuwa mzembe, kumbe anahitaji miwani tu. Anayempima na kumwandikia miwani hiyo ni mtaalamu wa optometria. Vijana wengi wangependa kazi hii, lakini hugundua masharti yake wakiwa wamechelewa. Makala haya yanaeleza masharti hayo pamoja na gharama.

Kazi yenyewe

Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona, huagiza miwani na lenzi, na hutambua dalili za magonjwa kama mtoto wa jicho na presha ya macho ili mgonjwa apewe rufaa mapema. Yeye hafanyi upasuaji. Daktari bingwa wa macho husomea kwanza udaktari wa kawaida, kisha akabobea katika macho. Njia hiyo ni ndefu na ina masharti tofauti, kwa hivyo amua mapema ni ipi unayoitaka.

Milango miwili

*Shahada.* Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, Kakamega, hufundisha optometria kwa kiwango cha shahada. Mwombaji anahitaji gredi ya wastani ya C+ au zaidi katika KCSE. Hata hivyo, C+ peke yake haitoshi. KUCCPS huhesabu alama za kundi la masomo manne, na kwa kozi za afya hutazamwa hasa Biolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na lugha.

*Diploma.* Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, hutoa diploma. Kwa kawaida diploma za KMTC huhitaji gredi ya wastani ya C, pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo mahususi. Aliyekosa C+ asikate tamaa, kwa maana wapo walioanza na diploma wakaendelea hadi shahada.

Uamuzi hufanywa kabla ya mtihani

Kazi ya lenzi ni kazi ya mwanga, na mwanga hufundishwa katika Fizikia. Mwanafunzi anayeacha Fizikia akiingia Kidato cha Tatu kwa sababu ni ngumu huenda anajifungia mlango bila kujua. Kwa wanafunzi wa mtaala mpya, kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule ya upili Januari 2026. Hao wanahitaji mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, unaojulikana kama STEM. Mzazi, zungumza na mwalimu kabla fomu ya masomo haijatiwa sahihi.

Kuitwa chuoni si kulipiwa karo

Familia nyingi hukwama hapa. Kupata nafasi kupitia KUCCPS hakuleti pesa kwenyewe. Ni lazima mwanafunzi aombe ufadhili na mkopo yeye mwenyewe, kabla ya tarehe ya mwisho. Mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa shahada hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nao hulipwa baada ya masomo. Usaidizi mwingine ni basari ya kaunti na ile ya NG-CDF.

Kabla ya kukubali nafasi, omba chuo mpangilio wa karo wa miaka yote, si wa muhula wa kwanza pekee. Kisha hesabu pia:

- ada za usajili, ambazo huufanya mwaka wa kwanza kuwa mzito zaidi;
- kodi ya chumba, chakula na nauli;
- koti jeupe, vitabu na vifaa vya kupimia ambavyo mwanafunzi hujinunulia;
- gharama za mafunzo ya nyanjani, ambayo huenda yakawa mbali na chuo.

Hatua za kufuata

1. Fungua tovuti ya KUCCPS na usome masharti ya kozi pamoja na alama za mwisho zilizokubaliwa mwaka uliotangulia.
2. Hakikisha kwamba kozi imeidhinishwa. Kwa shahada, idhini hutolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza pia wahitimu husajiliwa wapi ili waruhusiwe kufanya kazi.
3. Ukitumia saiba, usiache nywila yako hapo. Anayeijua anaweza kubadilisha chaguo lako.
4. Tayarisha mapema kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE na stakabadhi za mzazi au mlezi.
5. Lipa karo katika akaunti ya chuo iliyo kwenye barua ya kujiunga. Usitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi.

Jihadhari na anayedai kuwa "anajua mtu ndani" na kwamba atakupatia nafasi kwa ada kidogo. Nafasi hazinunuliwi, na pesa ukishamtumia ni vigumu kuzirudisha. Ukiwa na shaka, uliza chuo chenyewe kabla ya kulipa.