Je, Wajua? Hata Gereza Hutangazwa Kuwa na Uhaba wa Madaktari

Nchini Marekani, serikali kuu inaweza kulitangaza gereza kuwa mahali penye uhaba wa madaktari. Liwe la ulinzi wa kati au mkali, lenye wafungwa wasiopungua 250, na daktari mmoja awe anahudumia wafungwa 1,000 au zaidi.

Uraiani kipimo ni kingine. Kwa kawaida, daktari mmoja wa huduma za msingi kwa watu 3,500 tayari ni uhaba. Wa meno, watu 5,000. Wa magonjwa ya akili? Watu 30,000! Mji mzima unamtegemea mtu mmoja, na bado hapo ndipo uhaba unapoanza tu kuhesabiwa.

Kila eneo lililotangazwa kuwa na uhaba hupewa alama, na zikipanda ujue hali ni mbaya. Umaskini huangaliwa, na muda wa safari hadi kwa daktari wa karibu. Kwenye meno, hata maji ya kunywa yasiyotiwa floridi huongeza alama.

Daktari kijana mwenye deni la masomo anaweza kulipiwa sehemu yake akikubali kuhudumu kwenye eneo kama hilo miaka 2. Daktari mgeni aliyejifunza kazi Marekani kwa viza ya J-1 kwa kawaida hutakiwa kurudi kwao miaka 2. Sharti hilo huweza kuondolewa akihudumu miaka 3 kwenye eneo lenye uhaba. Ni faraja kwa wagonjwa wa huko, ni pigo kwa nchi yake. Kila jimbo lina nafasi 30 za kuondolewa sharti hilo kwa mwaka.