Chungu cha Kazini ni cha Watu Wote

Pengine mahali unapofanya kazi mna desturi ya kula pamoja. Leo huyu aleta makande, kesho yule aleta ndizi za kupika, na mwisho wa juma kila mmoja afunua alichobeba, mkala pamoja. Mkiisha kula, mmoja auliza, “Mwenzangu, hii umeipikaje?” Hapo ndipo mapishi yanapohama kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Desturi hii ni njema, nasi twaisifu. Lakini ina maarifa yake. Chakula kiwezacho kuwaunganisha watu chaweza pia kumweka mmoja wao kando, akatazama wenzake wakila. Basi leo tuzungumze juu ya kuchagua chakula cha kuwapelekea wenzako wa kazini, na juu ya kupeana mapishi bila kudanganyana.

Tunduma, mji wa vyungu vingi

Tuchukue mfano wa Tunduma, mkoani Songwe, kwa sababu hapo watu wa kila namna hukutana kazini. Ng’ambo ya mpaka iko Nakonde, nchi ya Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na lugha yao ni moja. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam yapita hapo. Yapita pia reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais wa nchi hizi mbili, John Magufuli na Edgar Lungu, walizindua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa Tanzania na wa Zambia hufanya kazi chini ya paa moja.

Hao hata saa zao hazilingani. Saa saba mchana ya Tanzania ni saa sita ya Zambia. Mmoja asikia njaa, na mwenzake bado hajafikiria chakula! Waongeze Mnyiha wa Mbozi, Mndali wa Ileje, Mkinga mwenye duka, dereva kutoka pwani, karani wa forodha na mpakiaji wa mizigo. Kila mmoja amelelewa kwa chungu cha mama yake, na kila mmoja aona chungu hicho ndicho kitamu kuliko vyote.

Nyama ndiyo huanza maneno

Mtu akitaka kuwakirimu wenzake, mara nyingi hufikiri kwanza nyama. Hapo yafaa asimame kidogo.

Katika mwezi wa Aprili 2013, Tunduma ilipokuwa ingali katika mkoa wa Mbeya, ugomvi juu ya nani apaswa kuchinja ulileta fujo mjini. Polisi walitumia mabomu ya machozi, na Wakristo walikuwamo miongoni mwa waliofanya fujo. Hatulitaji jambo hili ili kufufua ugomvi. Twalitaja ili tukumbuke kwamba jambo la chakula si dogo. Watu waliokuwa wakiuziana na kununuliana kila siku walifika mahali pa kuogopana kwa ajili ya kitoweo.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya jambo la namna hiyo. Alijua kwamba kwake nyama ile haikuwa na neno, lakini alikuwa radhi kuiacha kabisa ili ndugu yake asikwazwe. Ikiwa Mtume aliweza hivyo, je, sisi twashindwa kupeleka maharage?

Basi jua haya. Mwislamu hali nguruwe, wala hali nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yake. Hata sufuria iliyopikiwa nguruwe jana yamtia wasiwasi, ingawa leo ina mboga. Msabato naye hali nguruwe, wala samaki asiye na magamba. Kwa hiyo kambare wa Ziwa Rukwa, hata akikaushwa vizuri namna gani, si chakula chake, mpelekee perege. Mkatoliki hali nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wengi huiacha Ijumaa zote za Kwaresima. Mwezi wa Ramadhani, zamu za mchana na ziahirishwe, au chakula kipelekwe jioni nyumbani kwa mwenzenu apate kufuturu. Wako pia wenye mwiko wa ukoo, wenye ugonjwa wa sukari, waliokatazwa chumvi nyingi, na wale ambao mwili wao haupatani na karanga hata kidogo.

Utayajuaje yote hayo? Uliza mapema, faraghani, kabla hujakwenda sokoni. Usingoje mpaka chungu kimefunuliwa ndipo useme mbele ya watu, “Mbona wewe huli?” Swali hilo lauma kuliko njaa.

Vyungu viwili visivyo na maneno

Habari njema ni kwamba nchi hii ya mahindi, maharage na karanga ina vyakula ambavyo karibu kila mtu aweza kuvikaribia. Tutaeleza viwili.

Cha kwanza ni makande. Kwa watu 8 hivi, twaa vikombe 4 vya mahindi yaliyokobolewa na vikombe 2 vya maharage. Loweka usiku kucha, kila kimoja katika chombo chake. Alfajiri mwaga maji hayo, uteleke mahindi kwanza. Yakiisha kuchemka muda wa saa moja, tia maharage, uyaache yatokote kwa nguvu walau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa maharage mabichi yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Viache vichemke pamoja mpaka vyote vilainike. Chumvi itie mwishoni. Kaanga vitunguu 2 na nyanya 3 katika mafuta ya alizeti, uchanganye. Funga sufuria kwa nguo nzito ndani ya kapu ili makande yafike kazini yakiwa ya moto, na kabla ya kupakua yapashe tena mpaka yachemke.

Cha pili ni majani ya maboga kwa karanga, ambayo wenzetu wa Zambia huyaita ifisashi. Menya nyuzi za vikonyo, osha majani, ukate. Chemsha vikombe 2 vya maji pamoja na kitunguu na nyanya 2 zilizokatwa. Tia kikombe kimoja na nusu cha unga wa karanga mbichi zilizotwangwa, ukoroge. Usifunike sufuria, maana karanga hufura zikamwagikia motoni. Baada ya dakika 10 tia majani na chumvi, uendelee kukoroga kwa moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito na mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu. Kwa ugali, mboga hii yashiba kama kitoweo cha nyama. Ikiwa yuko mwenzenu asiyekula karanga, mtengee majani yake katika chombo kingine kabla hujaanza, tena kwa mwiko mwingine.

Karanga na mahindi vichague kwa macho makali. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe, usiwape hata kuku. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumu ya kuvu. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemshwa. Wala chakula kilichopikwa kisikae kimepoa mezani zaidi ya saa mbili, eti kwa kuwa hali ya Tunduma ni ya baridi. Mtu akiharisha kwa chungu chako, zamu yako ijayo watasema wameshiba.

Na chikanda je?

Ukila na Wazambia, siku moja utaletewa chikanda. Ni chakula kigumu kidogo, cha rangi ya kahawia, kinachokatwa vipande kama mkate, na ladha yake huwakumbusha wengi soseji, ingawa hakina nyama. Hupikwa kwa unga wa viazi vidogo vya maua ya mwituni ya jamii ya okidi, pamoja na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi au soda. Hukorogwa mpaka kikaze, kisha makaa huwekwa juu ya kifuniko ili kiive juu na chini.

Kwa kuwa hakina nyama, mtu aweza kusema, “Hiki ndicho chakula cha watu wote.” Lakini tusikilize upande wa pili. Viazi hivyo vilipopungua Zambia, wachuuzi walivitafuta katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kama vile Makete, na Tunduma ikawa mlango wa kuvipitisha. Watafiti walioandika juu ya biashara hiyo mwaka 2003 walikadiria kwamba viazi vilivyovuka kila mwaka vilihesabika kwa mamilioni. Mchimbaji akiisha kutwaa kiazi, mmea hufa. Mwaka 2005 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ili maua ya uwanda ule yalindwe. Nayo mapatano ya mataifa yaitwayo CITES yanaweka okidi zote chini ya uangalizi zinapovushwa mipaka.

Tufanyeje basi? Mwenzako akikuletea kipande, kipokee kwa shukrani, wala usikunje uso. Ni chakula cha kwao cha heshima. Lakini unapopanga zamu, usimwagize chikanda kila juma. Mwombe akufundishe ifisashi. Mkono wake wa upishi utauonja vilevile, na mlima hautachimbuliwa kwa ajili ya meza yenu.

Kupeana mapishi kwa uaminifu

Wahenga walisema, mchele mmoja mapishi mengi. Kwa hiyo anayekuuliza jinsi ya kupika anakuheshimu. Mjibu kwa ukamilifu. Wako wapishi ambao hueleza yote isipokuwa kitu kimoja, ili chakula cha mwenzao kisifikie chao. Mwenzao apika, chakula chamshinda, naye ajiona mjinga mbele ya mumewe na wageni. Huo si ustadi, ni choyo kilichovaa kilemba.

Toa vipimo vinavyoeleweka. Ukisema “kikombe”, mwonyeshe ni kikombe kipi, maana kikombe cha chai cha nyumba moja ni nusu ya kile cha nyumba nyingine. Ukisema “mpaka iive”, mweleze dalili: rangi yake, uzito wake, harufu yake.

Tena kumbuka kwamba mahali nako kuna neno lake. Tunduma na Mbozi ziko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huko maji huchemka kwenye joto la nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama pwani. Ndiyo sababu maharage ambayo dada yako wa Tanga huyaivisha kwa muda mfupi, wewe yakupotezea mkaa. Si kosa lako wala la maharage. Loweka muda mrefu zaidi, na uongeze muda wa moto. Unapompelekea mtu wa pwani mapishi yako, mwambie naye apunguze.

Na ukipata sifa kwa chakula ulichofundishwa, taja aliyekufundisha. Neno hilo halikugharimu kitu, na mwenzako atalikumbuka.

Mfuko wa mwenzako

Yabaki jambo moja, ambalo labda ndilo zito kuliko yote. Zamu huanza kwa maharage. Kisha mmoja, kwa moyo mkunjufu, aleta kuku. Wa pili aona haya, aleta pilau ya nyama. Wa tatu akopa. Wa nne, ambaye mshahara wake umekwisha tarehe 10 na watoto wake wadaiwa daftari, ajisingizia ugonjwa siku ya zamu yake. Hakuna aliyemfukuza mezani, lakini ameondoka.

Kwa hiyo kipimo cha zamu kiwe mfuko wa yule apataye kidogo kuliko wote. Kubalianeni tangu mwanzo: kila mtu na alete kile ambacho nyumbani kwake hukila siku ya kawaida. Viazi vitamu vya kuchemsha ni zamu kamili. Maparachichi na chumvi ni zamu kamili. Asiye na kitu juma hili na ateke maji, awashe moto, aoshe vyombo, naye ahesabiwe kuwa ametoa. Mwenye nacho akitaka kuleta kuku, na alete siku ya sikukuu, isiwe katika zamu, ili asimwekee mwingine deni.

Wala msimsahau mlinzi wa getini na mama afagiaye ofisi. Hao nao ni wafanyakazi wenzenu. Sahani yao na itolewe kwanza chungu kikiwa kimejaa, wasije wakapewa ukoko. Wao nao waingizwe katika zamu, maana apokeaye kila siku asipate kutoa hata mara moja hujiona ombaomba.

Basi, msomaji mpenzi, juma lijalo zamu ikikufikia, jiulize maswali matatu kabla hujawasha moto. Je, yuko atakayezuiwa na dini yake, mwiko wake au mwili wake? Je, aliye maskini kuliko sisi sote aweza kurudisha chakula kama hiki? Je, nimekipika kwa usafi, kama ambavyo ningempikia mtoto wangu? Ukipata jibu jema kwa yote matatu, funga sufuria yako uende. Na atakayekuuliza umepikaje, mwandikie yote, pamoja na kile kiungo ulichotaka kukificha.