Pikapu Ndogo na Nyumba Mgongoni: Hesabu ya Uzito, Mahali na Kimo

Barabara itokayo Tarime mjini kupitia Nyamwaga na Nyamongo huteremka kutoka nyanda za juu, huvuka Mto Mara, kisha huingia Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Mbele ya Mugumu liko lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Katika njia hizi hupita pikapu zilizopakia mikungu ya ndizi, nyingine magunia ya mahindi, na nyingine ni za wasafiri waendao kulala porini. Baadhi ya wasafiri hao huweka hema juu ya paa. Wengine hupachika nyuma ya gari kibanda kizima chenye kitanda, jiko na tangi la maji. Je, pikapu ya tani moja yaweza kukibeba kibanda hicho kwa usalama?

Watu wengi hulijibu swali hili kwa kuitazama injini: gari likipanda mlima, basi mzigo umelifaa. Jibu hilo halitoshi. Injini yaweza kuvuta uzito ambao breki haziwezi kuusimamisha wala ekseli kuuhimili. Hatuna budi kuuliza mambo matatu: mzigo ni kiasi gani, umekaa wapi, na umepanda juu kiasi gani. Tutataja uzito kwa kilo kama wasemavyo madereva, ingawa mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kilo ni kipimo cha tungamo.

Uzito wote

Kila gari lina kikomo cha uzito wote kilichowekwa na mtengenezaji, yaani gari lenyewe pamoja na watu na mizigo. Tuchukue mfano wa pikapu yenye kilo 1,850 ikiwa tupu na tangi lake la mafuta limejaa, na kikomo chake ni kilo 2,850. Nafasi iliyobaki ni kilo 1,000. Kibanda kina kilo 650. Dereva na mwenzake ni kilo 140. Maji lita 80 ni kilo 80, kwa kuwa lita moja ya maji ina kilo moja. Chakula, mtungi wa gesi, matandiko na zana ni kilo 110. Jumla ni kilo 980. Mzigo umeingia, na zimesalia kilo 20 tu. Madumu mawili ya dizeli, kila moja la lita 20, yana zaidi ya kilo 30. Yakiongezwa, kikomo kimevukwa.

Mahali pa mzigo

Tuyaache madumu hayo. Je, gari sasa li salama? Bado. Ekseli ya nyuma nayo ina kikomo chake. Katika mfano wetu ni kilo 1,700, na ya mbele ni kilo 1,350. Gari likiwa tupu, ekseli ya mbele hubeba kilo 1,050 na ya nyuma kilo 800. Umbali kati ya ekseli hizo ni mita 3.

Kibanda pamoja na vitu vilivyomo ni kilo 840. Tuseme kitovu cha uzito wake kiko sentimeta 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, kama inavyotokea kibanda kinapozidi urefu wa bodi. Hapo gari huwa wenzo, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Momenti ya mzigo ni 840 mara 0.3, tukigawanya kwa mita 3 tunapata kilo 84. Kiasi hicho huondolewa katika ekseli ya mbele na kuhamia nyuma, hivyo ekseli ya nyuma huongezewa kilo 924 kwa sababu ya kibanda peke yake. Watu walioketi katikati ya ekseli mbili huongeza kilo 70 kila upande. Ekseli ya nyuma sasa ina 800 na 924 na 70, yaani kilo 1,794. Imezidiwa kwa kilo 94, ijapokuwa uzito wote wa gari, kilo 2,830, haujavuka kikomo!

Sasa tukisogeze kitovu hicho hadi sentimeta 30 mbele ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma itabeba kilo 1,626 na ya mbele kilo 1,204. Zote mbili zimo ndani ya vikomo vyake, na hatukupunguza hata kilo moja.

Kuongeza bamba za springi hakuibadili hesabu hii. Springi ngumu huinua mkia wa gari ukaonekana sawa, lakini ekseli, fani, matairi na chasisi ni vile vile. Katika barabara yenye mawimbi na mashimo, mzigo ulioning'inia nyuma huipiga chasisi kwa kila mruko, na chasisi huweza kupinda au kupasuka nyuma ya kabini. Matairi ya mbele nayo, yakipunguziwa uzito, hushika barabara kwa udhaifu na usukani huwa mwepesi kupita kiasi.

Kimo cha mzigo

Tuseme magurudumu ya kushoto na ya kulia yameachana mita 1.5, na kitovu cha uzito wa gari pamoja na watu wake kiko sentimeta 70 juu ya ardhi. Gari likisimama kwenye mteremko wa ubavu, litapinduka pale tanjenti ya pembe inapofikia 0.75 gawanya kwa 0.70, yaani takriban nyuzi 47. Kibanda chenye kitovu kwenye kimo cha mita 1.5 hupandisha kitovu cha jumla hadi sentimeta 94 hivi, na pembe hushuka kuwa takriban nyuzi 39. Katika safari halisi pembe hupungua zaidi, kwa kuwa springi huinama, kona husukuma gari nje, na gurudumu moja huweza kuzama katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika.

Breki nazo zina hesabu yake. Nishati ya mwendo hulingana na tungamo na mraba wa kasi. Gari la kilo 2,830 lina nishati mara 1.4 ya lile lenye watu wawili tu, kilo 1,990, kwa kasi ile ile. Kasi ikiongezwa maradufu, nishati huwa mara nne. Kuteremka kuelekea bonde la Mto Mara, nishati hiyo yote haina budi kugeuzwa joto. Kwa hiyo dereva mwenye busara huweka gia ndogo mapema, wala haziachii breki kazi yote.

Nani atakayepima?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Machi 2019, inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu ya mfano wetu haifiki hapo, hivyo jukumu la kuipima humwangukia mwenyewe. Na alipeleke gari kwenye mizani ya malori likiwa limejaa maji, mafuta na watu, apime ekseli ya mbele, kisha ya nyuma, kisha gari zima, na kulinganisha na vikomo vya mtengenezaji. Hema la juu ya paa, ambalo kwa kawaida lina kilo 50 hadi 80, huacha nafasi kubwa kuliko kibanda. Lakini paa nalo lina kikomo chake gari linapotembea.

Walimu wanaweza kuonyesha jambo hili darasani kwa rula, penseli mbili kama ekseli, na vijiwe. Kijiwe kikiwekwa nje ya penseli ya nyuma, ncha ya mbele huinuka.

Jibu la swali letu, basi, ni hili: pikapu ndogo yaweza kubeba kibanda, kikiwa chepesi, kikikaa mbele ya ekseli ya nyuma, na vitu vizito vikiwekwa chini. Hesabu hiyo hiyo huihukumu pikapu iliyojaza magunia hadi juu na kupandisha abiria juu ya magunia. Hao ndio walio juu kabisa ya kitovu cha uzito, na ndio wa kwanza kurushwa gari linapoinama.